Kopo moja la rangi, mnato wa namna tatu

Wanakemia wenzangu, mafundi wa kuchanganya, wapakaji, na ninyi wanafunzi mliojaa nyuma: asanteni kwa kuja.

Juu ya meza hii kuna makopo matatu ya rangi nyeupe ya maji. Yote yana gundi moja ya akriliki, pigmenti moja ya titani dioksaidi na kiasi kimoja cha maji. Yote yamepimwa mnato, yaani ugumu wa kutiririka, kwa mashine ya Stormer, na kila moja limesoma 95 kwa kipimo chake cha Krebs. Mtu akitazama karatasi ya maabara peke yake atasema ni rangi moja iliyogawanywa mara tatu. Achovye brashi, atasema mengine. Ya kwanza inaacha mifereji ya nyuzi za brashi, na chini ya rola inarusha matone mpaka usoni. Ya pili inashika ukuta bila kuchuruzika hata ikipakwa nene, ila mng'ao wake ni hafifu. Ya tatu inajilaza, inang'aa, na pasi moja ya rola inafunika. Tofauti yote hiyo imeletwa na kiambato kisichofika asilimia 1 ya uzito wa rangi, yaani polima, molekuli yenye umbo la mnyororo, ya kuongeza mnato.

Nimekuja kutetea jambo moja. Namba moja ya mnato haiwezi kuielezea rangi ya maji. Rangi nzuri ina mnato wa namna tatu ndani ya kopo lilelile, mmoja ikitulia, mmoja ikikorogwa na mmoja chini ya brashi, na kazi ya polima hizi ni kupanga kila mmoja ukae mahali pake. Jina tulilozipa, viongeza mnato, linatupotosha kidogo. Kuifanya rangi iwe nzito ni rahisi. Kuifanya iwe nzito pale tu inapotakiwa, na nyepesi kwingine, ndiyo kazi.

Tuanze na mwendo wenyewe. Kioevu kinapotiririka, matabaka yake huteleza, moja juu ya lingine. Chukua tofauti ya mwendo kati ya tabaka la juu na la chini, igawanye kwa unene, utapata kasi ya mtelezo. Mkono wa mpakaji ukienda mita 1 kwa sekunde juu ya utando wa maikromita 100, kasi ya mtelezo ni 10,000 kwa sekunde. Kukoroga kopo kwa kijiti, au kumimina, ni makumi kadhaa. Rangi iliyokwisha kupakwa, ikivutwa chini na uzito wake peke yake, iko chini ya 1. Na pigmenti inayotuama polepole ghalani iko chini zaidi, sehemu ndogo sana ya 1. Kati ya ghala na brashi, basi, kasi huongezeka zaidi ya mara milioni. Mashine ya Stormer hupima eneo dogo la katikati, kwenye makumi hadi kama 100 kwa sekunde. Ni kipimo kizuri cha jinsi rangi inavyoonekana mtu anapofungua kopo na kukoroga. Kuhusu brashi hakisemi lolote, na kuhusu ukuta kinasema machache.

Naomba tukokotoe kidogo, kwa sababu hesabu hizi ndizo zinazotuokoa na kubahatisha.

Utando mbichi wa maikromita 100 wenye uzito wa kilo 1.3 kwa lita huvutwa chini kwa nguvu ya takribani paskali 1.3 pale unapogusana na ukuta. Ni nguvu ndogo mno, lakini haichoki. Ikiwa mnato wa rangi kwenye mwendo huo mdogo ni paskali-sekunde 10, uso wa rangi utashuka karibu milimita 4 katika dakika 10. Hapo ndipo machozi yanapoanza kuonekana. Ukiwa paskali-sekunde 100, utashuka chini ya nusu milimita, na hakuna atakayeona. Sasa ongeza unene mara mbili: mwendo wa uso unaongezeka mara 4, na kiasi cha rangi kinachoshuka mara 8. Ndiyo maana rangi ileile hukaa vizuri katikati ya ukuta na kulia kwenye pembe na chini ya misumari, mahali ambapo brashi imeacha mzigo.

Upande wa pili kuna michirizi ya brashi. Hii hulazwa na mvutano wa uso wa rangi, na mlinganyo tunaoutumia ni ule wa Orchard wa mwaka 1962. Tuchukue michirizi iliyopishana milimita 2, utando wa maikromita 100, mvutano wa uso wa milinyutoni 30 kwa mita. Kwa mnato wa paskali-sekunde 10, kina cha michirizi hupungua kwa nusu kila sekunde 7. Kwa mnato wa 100, kila sekunde 70 hivi. Utando ukiwa mwembamba, maikromita 50, muda huo huongezeka mara 8, kwa hiyo sekunde 70 zinakuwa zaidi ya dakika 9. Kabla ya hapo rangi ya maji imeshakauka kiasi cha kutosogea tena. Angalieni mgongano uliopo: mnato wa 100 unaozuia machozi ndio unaozuia michirizi kulala. Hakuna polima itakayoufuta mgongano huo. Tunachoweza kufanya ni kununua muda. Rangi ivunjike chini ya brashi, ibaki nyepesi kwa nusu dakika au dakika moja ili ijilaze, kisha ijijenge upya kabla uzito haujaivuta. Na kwa kuwa unene unaingia kwa kipeo cha tatu ndani ya mlinganyo, utando mnene kiasi ni msaada mkubwa kwa michirizi kuliko kupunguza mnato. Wengi hulisahau hili. Wakiona michirizi wanaongeza maji, utando unakuwa mwembamba, na michirizi inabaki palepale.

Ghalani hesabu ni ya Stokes, ya mwaka 1851. Chembe ya kabonati ya kalisi yenye kipenyo cha maikromita 5 hushuka ndani ya maji matupu karibu sentimita 8 kwa saa. Ndani ya kioevu chenye mnato wa paskali-sekunde 10 itashuka sehemu ya tano ya milimita kwa siku, ambayo kwa mwaka ni sentimita 7, yaani mashapo kamili chini ya kopo. Kwa mnato wa 100 ni milimita 7 kwa mwaka. Kipimo cha Krebs 95 hakitakuambia ni ipi kati ya hizo mbili unayo.

Sasa tuingie ndani ya polima zenyewe. Familia kubwa ni tatu. Zipo pia udongo kama bentonaiti na atapulgaiti, na gamu ya zanthani, ambazo hufanya kazi nzuri ya kuzuia kutuama, lakini leo naziweka kando.

Familia ya kwanza ni selulosi zilizobadilishwa, na iliyo maarufu kwenye rangi ni selulosi ya haidroksiethili, ambayo sote tunaiandika HEC. Ni unga mweupe. Mnyororo wake ni mrefu na mgumu kidogo, na ukiingia majini hujikunja kuwa bonge legevu lililojaa maji, lenye ujazo mkubwa kuliko uzito wake. Mabonge hayo yakigusana na kusukana, maji hayana tena nafasi ya kupita kwa uhuru. Kinachofanywa kizito hapa ni maji yenyewe. Gundi na pigmenti hazihusiki moja kwa moja, ndiyo sababu HEC hufanya kazi karibu katika kila fomula na haijali sana umeweka sabuni ya aina gani. Kiasi cha kawaida ni asilimia 0.2 hadi 0.6 ya rangi.

Gharama yake iko mahali pengine. Mtelezo ukiongezeka, minyororo hujipanga kufuata mwendo na kusukuka, mnato unaporomoka, na chini ya brashi rangi inakuwa nyepesi mno. Utando unaobaki ni mwembamba, haufuniki. Mtelezo ukikoma, minyororo hujisuka upya mara moja, hivyo michirizi haipewi muda wa kulala. Chini ya rola kuna tatizo lingine. Rangi inapovutwa kati ya rola na ukuta, minyororo mirefu hugeuka nyuzi zinazonyumbuka, nyuzi hukatika, na kila kipande kinakuwa tone hewani. Kadiri mnyororo ulivyo mrefu ndivyo matone yanavyozidi. Ukitaka kubaki na HEC na kupunguza matone, chagua daraja la mnyororo mfupi na ukubali kutumia kingi zaidi. Kuna na jambo la nne, la siri zaidi. Bonge la HEC ni kubwa mno kuingia kwenye mwanya kati ya chembe mbili za lateksi, yaani vitone vya gundi vilivyotawanyika majini, zilizokaribiana. Maji ya mwanyani, yasiyo na polima, huvutwa kutoka, na chembe husogezwa zikashikana. Chembe zikishikana, mng'ao unapungua, na baada ya wiki kadhaa maji maangavu hujitenga juu ya kopo.

Familia ya pili ni akriliki zinazovimba kwenye alkali. Hufika kiwandani zikiwa maziwa mepesi yenye pH (kipimo cha tindikali na alkali) ya 3 hivi na kiasi cha polima kavu karibu asilimia 30. Ndani ya maziwa hayo polima iko katika chembe ndogo zilizobana, kwa sababu tindikali zake hazijachajika. Rangi ikiwa na pH ya juu ya 8, tindikali hupoteza haidrojeni, mnyororo mzima unajaa chaji hasi, na chaji hizo zikisukumana chembe hufunguka na kuvimba. Dakika chache zinatosha. Aina yake ya kisasa, HASE, ina vikundi vinavyochukia maji vilivyoning'inizwa kwenye mnyororo, navyo hushikana vyenyewe kwa vyenyewe na kushika lateksi, kwa hiyo rangi inajengwa kwa njia mbili kwa pamoja.

Ni polima zenye nguvu kwa kiasi kidogo, lakini maisha yake yote yamefungwa kwenye pH. Amonia ikiruka kwenye kopo lisilofungwa sawasawa, pH ikishuka chini ya 8, chembe hunywea na rangi hurudi kuwa maji. Na zina adui wengine wawili: kalisi na zinki. Ayoni zenye chaji mbili hufunga tindikali mbili kwa pamoja. Maji magumu, kabonati ya kalisi ya daraja duni au oksaidi ya zinki vinaweza kuifanya rangi ipande mnato wiki hadi wiki mpaka iwe donge. Mwisho, tindikali hizo hubaki ndani ya utando uliokauka na kuupa upendo wa maji. Kwa dari ya ndani haidhuru. Kwa ukuta wa nje unaopigwa na mvua, mimi siitumii peke yake.

Familia ya tatu ndiyo inayonivutia kuliko zote: polima za uretani za kushikamana, tunazoziandika HEUR. Mnyororo wake si mrefu, molekuli ina uzito wa makumi ya maelfu tu. Katikati ni polietilini glaikoli inayopenda maji, na kila ncha ina mkia wa mafuta unaoyachukia. Mkia hauna raha ndani ya maji. Utajificha kwenye kundi la mikia mingine, au utalala juu ya chembe ya lateksi. Ncha moja ikishika chembe hii na ncha nyingine chembe ile, tayari umefunga daraja. Madaraja maelfu kwa maelfu yakiungana, rangi nzima inakuwa wavu.

Uzuri wake ni kwamba daraja hili si la kudumu. Kila mkia hushika, huachia, hushika tena. Kasi ya kuachia ndiyo tabia ya rangi. Mkia mrefu wa mafuta hung'ang'ania, na polima hiyo hutoa mnato mkubwa kwenye mwendo mdogo na wa kati, ila brashi kali huukatakata wavu. Mkia mfupi huachia upesi, kwa hiyo kwenye mwendo mdogo hauonekani sana, lakini kwa kuwa unahitaji kuweka polima mara mbili, tatu au zaidi, wingi huo huleta upinzani uleule hata kwenye 10,000 kwa sekunde. Hapo ndipo tunapata vitasa viwili badala ya kimoja. Aina ya mkia mrefu ni ya kurekebisha Krebs, aina ya mkia mfupi ni ya kurekebisha mnato wa brashi, na fundi anavizungusha kila kimoja kwa nafasi yake. Minyororo ni mifupi, hivyo nyuzi chini ya rola ni chache na matone ni machache. Lateksi hazisukumwi zikashikana, hivyo mng'ao unabaki.

Sasa ubaya. Polima inayoegemea uso wa lateksi inategemea uso huo uko kiasi gani na nani mwingine anaugombania. Lateksi ya nanomita 100 ina uso mara 5 ya ile ya nanomita 500 kwa uzito uleule, na HEUR ileile itafanya kazi vizuri kwa ya kwanza na kulala kwa ya pili. Sabuni ikizidi, inakalia uso wote na kuyaacha madaraja bila mahali pa kufunga. Viyeyusho kama butili glaikoli huilegeza mikia. Kwa hiyo fomula ya HEUR haihamishiki kutoka gundi moja hadi nyingine. Ukibadilisha gundi, anza upya.

Nije kwenye kuchanganya, mahali ambapo polima nzuri huharibiwa kila siku.

HEC nyingi za rangi zimepakwa kemikali ya glaioksali usoni ili zisinywe maji papo hapo. Kinga hiyo hushikilia kwenye pH ya 7 au chini yake, na huvunjika alkali ikiingia. Tuseme unatengeneza kilo 1,000 za rangi kwa HEC asilimia 0.3. Pima maji kilo 200 na uhakikishe pH haijapita 7. Weka kwanza dawa ya kuzuia bakteria. Washa mchanganyiko mpaka maji yafanye kizimbwi, kisha nyunyiza kilo 3 za unga ndani yake, zote ndani ya dakika 1 au 2. Acha dakika 5 unga utawanyike kama mchanga ndani ya maji, bado mepesi. Sasa ndipo uweke amonia mpaka pH ifike 8.5. Endelea kukoroga dakika 20 hadi 30, kisha paka tone kwenye kioo na ulitazame dhidi ya mwanga. Likiwa halina punje, endelea na kitawanyishi, kiua povu na pigmenti. Kosa la kawaida ni kuweka kitawanyishi kabla ya unga. Vingi ni vya alkali, vinapandisha pH, uso wa kila punje ya HEC unalowa na kunata kabla ya ndani yake kupata maji, na unapata madonge yasiyokorogeka wala kuyeyuka. Kama maji yako yana alkali yenyewe, changanya HEC kwanza na glaikoli ya propilini, sehemu 1 kwa 5, uimimine kama uji mwepesi. Na futeni sakafu mara moja, kwa sababu unga huu ukilowa unateleza vibaya.

HASE ipunguzwe kwa maji, angalau sehemu 1 kwa 1, na rangi iwe na pH ya 8.5 hadi 9 kabla ya kuiweka. Ikimiminwa nzito mahali pamoja, tindikali yake hushusha pH ya eneo hilo, lateksi hushtuka, na unapata vijidonge ambavyo kichujio tu ndicho kitakachoviondoa.

HEUR iwekwe mwisho kabisa, baada ya kiyeyusho cha kuunganisha chembe kuwa kimeshaingia, kwa sababu kiyeyusho hicho hubadilisha uso wa lateksi. Iwekwe polepole, dakika 5 hadi 10, kwa mwendo wa wastani usioingiza hewa. Kisha msiifukuze namba. Wavu wa HEUR huchukua saa nyingi kutulia, na kipimo cha baada ya dakika 10 hakifanani na cha kesho yake. Fundi anayeongeza kwa kuona Krebs ni ndogo saa 9 alasiri atakuta jeli asubuhi. Pima, funika, pima tena baada ya saa 24, kwa nyuzi joto 25, kabla ya kuamua lolote.

Kipimo, basi, viwe viwili angalau. Stormer kwa katikati, na kwa rangi ya kupaka kwa brashi na rola lenga Krebs 90 hadi 105. Kwa mwendo wa brashi tumia mashine ya koni na bamba, na lenga poizi 1 hadi 2 (poizi 1 ni sehemu ya kumi ya paskali-sekunde). Chini ya poizi 0.7 hivi utando unakuwa mwembamba na rangi haifuniki. Juu ya 2.5 brashi inaanza kuvuta mkono. Kwa ukuta, asiye na mashine ya mwendo mdogo atumie kisu cha pengo nyingi: kinaacha mistari ya unene tofauti kwenye kadi, unaisimamisha kadi mara moja, na mstari ulio mnene kuliko yote ambao haukugusa jirani yake ndio kikomo chako cha kuchuruzika. Ni kifaa rahisi na majibu yake ni ya kweli.

Na mpangilio wa jaribio uwe hivi. Tengeneza rangi isiyo na kiongeza mnato, ukibakiza nje maji ya asilimia 6 ya uzito wa rangi. Igawe vikopo 9 vya gramu 400. Polima ya Krebs iwe kwa viwango vitatu: asilimia 0.1, 0.2 na 0.3, ikihesabiwa kavu. Polima ya brashi nayo vitatu: 0.3, 0.6 na 0.9. Kila kikopo kipate jozi yake. Bidhaa ikiwa na asilimia 20 ya polima kavu, asilimia 0.2 kwenye gramu 400 ni gramu 4 za kimiminika, na asilimia 0.6 ni gramu 12. Kisha jazia maji yale uliyobakiza ili kila kikopo kiwe na uzito sawa. Hatua hii wengi huiruka, wakadhani wameona nguvu ya polima kumbe wameona tofauti ya maji. Kesho yake una namba 18, Krebs 9 na poizi 9, na unaweza kuchora mistari inayokuonyesha jozi unayoitaka bila kuongeza na kupunguza kwa wiki nzima. Kama polima ya Krebs inapandisha na poizi kwa kiasi kikubwa, umechagua mkia mfupi kuliko inavyotakiwa.

Nizungumzie mnato unaopotea, maana ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote. Rangi ilitoka kiwandani ikiwa nzito, baada ya miezi miwili kopo limefunguliwa na ni maji. Kwanza pima pH. Ikiwa imeshuka na rangi ina HASE, jibu umelipata: irudishe kwa amini au amonia kidogo kidogo, na mnato utarudi. Ikiwa rangi ina HEC, nusa. Harufu mbovu au kopo lililovimba ni bakteria. Lakini mara nyingi hakuna harufu, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Bakteria waliokuwa ndani ya maji ya kuoshea matangi walikwisha kufa, dawa imewaua, ila vimeng'enya vyao vya selulasi, vinavyokata selulosi, bado viko kazini. Kimeng'enya si kiumbe, dawa ya kuua bakteria haikigusi. Kinakata mnyororo katikati, na mnyororo ukikatwa nusu mnato unaanguka zaidi ya nusu. Ukiongeza HEC mpya umekipa chakula kipya. Kuthibitisha ni rahisi: weka gramu 10 za rangi inayoshukiwa ndani ya gramu 200 za mmumunyo mpya wa HEC wa asilimia 2, na kwenye mmumunyo mwingine weka rangi ileile iliyochemshwa kwanza. Acha siku moja, pima yote miwili. Ule wa rangi isiyochemshwa ukiwa mwepesi, una vimeng'enya. Rangi ya namna hiyo unaweza kuinyanyua kwa HEUR, kwa kuwa haina selulosi ya kukatwa. Tangi, bomba na ndoo za maji ya marudio ndivyo vya kuosha, maana shida ilianzia huko.

Aina ya tatu ya kupotea hutokea dukani, kwenye mashine ya kutia rangi. Rangi za kutilia zimejaa sabuni. Nyeupe iliyosimama vizuri kwa HEUR ikitiwa rangi nzito, bluu ya bahari au nyekundu ya damu, sabuni hizo huvamia uso wa lateksi na madaraja yanakosa pa kushika. Krebs huanguka, na mteja anapata rangi inayochuruzika. Kuna njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni kuweka HEC au HASE kidogo kando ya HEUR, ili sehemu ya mnato ishikiliwe na maji yenyewe, ambayo hayajali sabuni. Unapoteza mng'ao kidogo, unapata utulivu. Ya pili ni kuchagua polima ya Krebs yenye mkia wenye nguvu zaidi, unaoweza kugombania nafasi na sabuni. Vyovyote utakavyochagua, usiipitishe fomula kabla ya kuitia kiasi kikubwa kabisa cha rangi ambacho mashine ya duka inaruhusiwa kutoa, na kupima Krebs, poizi na kikomo cha kuchuruzika upya.

Makopo haya matatu ndivyo yalivyo: la kwanza ni HEC peke yake, la pili HASE, la tatu ni HEUR mbili, ya mkia mrefu na ya mkia mfupi. Pembeni nimeweka vikopo vingine vitatu vya rangi zilezile, vikiwa vimetiwa bluu jana jioni. Mbao ziko wima, brashi na rola zimelowekwa. Anzeni na nyeupe ya tatu, kisha pakeni bluu yake kwenye ubao wa jirani, kwa unene uleule, na mkae hapo dakika 10 mkiitazama.